Kabla ya kutuma: simu yetu, heshima ya mwenzetu
Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana, Uvira



Mimi ni lisansie, sina kazi, kama wengi wenu hapa. Hatuna redio, hatuna gazeti, hatuna mbunge wa kutusemea. Tuko na simu. Kwa simu tunaonyesha bomba lisilotoa maji, barabara iliyokatika, raia anayeombwa franka kwenye kizuizi. Hiyo ndiyo nguvu yetu yote. Juu ya hiyo, siku watu watakapokamata bongo moja katika yale tunayotuma, hata kweli mia moja tulizosema zitakufa nayo. Leo tuongee namna ya kulinda nguvu hiyo.

Nianze na jambo zito, ambalo katika mji huu tunapenda kulizunguka.

Tarehe 9 Desemba 2021, kule Lweba katika teritware ya Fizi, umati ulimtoa meja mmoja wa FARDC katika gari la jeshi. Alikuwa mwanajeshi wa nchi yetu, akivaa uniformu ya nchi yetu. Walimpiga mawe, wakamuua, wakamchoma, juu tu alikuwa Munyamulenge. Jina lake linajulikana. Mimi sitalitaja hapa, kwa sababu ndugu zake wako na simu kama sisi, na wameshakutana na kifo chake mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kubeba.

Kuna watu walioshika mawe siku ile. Kuna wengine walioshika simu juu. Na baada yao wakaja wale waliokuwa mbali kabisa, wamekaa kwao, wakaituma ile video grupu kwa grupu, wengine na kicheko chini yake. Hawa wa mwisho wanasema: "Mimi sikuua mtu." Ni kweli. Lakini ukimfanya maiti kuwa mchezo wa kuangalia, umewaambia waliomuua kwamba walifanya vizuri. Na yule atakayeua kesho anajua tayari kwamba watazamaji wapo.

Mambo kama haya hayaanzi na jiwe. Yanaanza na maneno: huyu ni nyoka, huyu ni mgeni, hawa si watu wa hapa. Jirani zetu wa Rwanda walisikia maneno ya namna hiyo kila siku kwenye redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993. Mwaka 1994 tuliona yaliyofuata, na sisi watu wa Kivu tunaishi na matokeo yake paka leo. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu watu 3, wawili wa redio ile na mmoja wa gazeti la Kangura. Mahakama ilikubali kwamba maneno ya redio na ya gazeti yalikuwa sehemu ya mauaji. RTLM ilihitaji mtambo na studio. Leo kila mmoja wetu ana mtambo wake mfukoni.

Na upande wa pili pia tuuseme. Kuna waliochukua video ileile wakaandika: "Muone Babembe, muone Wafuliiru, wote ni wauaji." Hiyo nayo ni bongo. Ni sumu ileile katika chupa nyingine. Aliyeua ana jina lake na mikono yake. Kabila halishiki jiwe.

Najua kuna mtu ataniuliza: "Sasa tusirekodi? Bila video nani angejua?" Swali ni la haki. Jibu langu: rekodi, kama haikuhatarishi. Weka video yenyewe bila kuikata, andika mahali, siku na saa, kisha ipeleke kwa oditora wa kijeshi, kwa shirika la haki za binadamu, kwa mwandishi wa habari unayemwamini. Huo ni ushahidi. Ukiiweka kwenye statu yako, na muziki juu yake, ushahidi umegeuka kuwa sherehe.

Tuje kwa habari za kukimbiza watu. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, hapa Uvira kila simu ilikuwa na vita yake. Wamefika hapa, hapana, wako pale, kimbieni. Watu walibeba watoto na magodoro, wengine wakavuka kwenda Burundi. Hatari ilikuwa ya kweli, hakuna anayekataa. Lakini wakati kama huo neno moja la uongo linaweza kumtoa mama nyumbani usiku na kumtupa mtoni au ziwani. Na kunyamaza kuhusu hatari ya kweli pia kunaua. Kwa hiyo tuulize maswali matatu tu: nani ameona kwa macho yake? Wapi? Lini? Kama jibu ni "nimesikia", basi andika "nimesikia", au usitume. Picha ya maji ya Mulongwe ya Aprili 2020, ukiituma leo bila tarehe, ni bongo hata kama picha yenyewe ni ya kweli.

Kisha heshima ya mtu. Mama anayelala kwenye kitanda cha kolera hajakupa ruhusa ya kumpiga picha. Dada aliyebakwa hana deni la kuonyesha uso wake ili watu waamini. Mzee anayepokea mfuko wa unga si tangazo la aliyetoa unga. Na wewe kijana unayetunza picha za msichana wa zamani ili umwaibishe siku moja: huo ni ukatili, usiuite mapenzi. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri na mawasiliano yake. Haisemi "kila tajiri".

Wengine watasema serikali ishughulike na mambo haya. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali, na inaadhibu anayeeneza habari za uongo. Lakini tarehe 8 Septemba mwaka uleule, mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kwa habari ambayo haikubeba hata jina lake. Alitoka gerezani tarehe 19 Machi 2024, zaidi ya miezi sita. Sheria ya kuzuia bongo inaweza kuziba mdomo wa kweli. Tukingoja tufundishwe uaminifu na polisi, tutafundishwa kunyamaza.

Basi tukubaliane hapa, sisi kwa sisi:

1. Hatutumi maiti wala mtu anayeteswa, awe wa kabila gani.
2. Hatutumi habari ya hatari bila kusema nani ameona, wapi, na lini.
3. Tunaficha uso wa mtoto, wa mgonjwa na wa aliyebakwa.
4. Tukituma kosa, tunasahihisha katika grupu ileile, kwa sauti ileile.
5. Mwenzetu akitukana kabila, tunamjibu yeye kwanza, kabla hatujajibu adui.

Ya tano ndiyo ngumu. Kumkemea mtu wa mbali ni rahisi. Kumwambia rafiki yako mbele ya grupu nzima "hapa umekosea, futa" kunaweza kukugharimu urafiki, hata wakuite msaliti. Lakini tunadai ukweli kwa meya, kwa jeshi, kwa Kinshasa. Tutaudai kwa uso gani, kama kwenye simu zetu haupo?