Mwalimu Aliyewafuata Wanafunzi Wake



Leo twataka kuwachukua katika safari ndefu, lakini hamtahitaji mtumbwi wala gari. Sisi wenyewe hatujafika kwa miguu huko tunakokwenda. Tumepajua kwa maandiko na kwa picha. Basi ketini karibu, nanyi mtembee pamoja nasi kwa mawazo mpaka Carthage, katika nchi ya Tunisia, kaskazini kabisa mwa Afrika yetu, ukingoni mwa bahari.

Mahali pa kwanza ni uwanja wa michezo wa Warumi. Msidhani mtakuta kuta ndefu. Zamani palikuwa na viti vya mawe, safu juu ya safu, vimeuzunguka uwanja wenye umbo la yai, na watu kwa maelfu waliketi humo kuwatazama wanyama wakali wakiwararua wenzao. Vizazi vilivyofuata vilichukua mawe hayo vikajengea majumba mengine. Leo umebaki uwanja wenyewe, kuta fupi, na vyumba vichache vya chini ya ardhi. Mapadri Weupe walisimamisha hapo nguzo ya ukumbusho. Kwa nini? Kwa sababu ya Wakristu wachache waliouawa kwa ajili ya imani huko Carthage, mwezi wa Machi, mwaka 203.

Sikilizeni habari zao. Walikuwa wakatekumeni, watu waliokuwa bado wakifundishwa, kama wengi wenu mnaotusikiliza. Perpetua alikuwa mama kijana wa miaka kama 22, wa jamaa yenye heshima, naye alikuwa akimnyonyesha mtoto wake. Felicitas alikuwa mtumwa, tena mja mzito. Pamoja nao walikamatwa Revocatus, aliyekuwa mtumwa kama Felicitas, na Saturninus, na Secundulus. Walibatizwa walipokuwa wamekwisha kushikwa, kisha wakatiwa katika gereza la giza.

Huko gerezani Perpetua aliandika kwa mkono wake mambo yaliyompata, na maandiko hayo yapo hata leo. Ameeleza jinsi baba yake alivyomjia mara nyingi. Mzee yule hakuwa Mkristu, naye alimpenda binti yake kuliko watoto wake wengine. Alimsihi azionee huruma mvi zake, amhurumie na mtoto mchanga. Perpetua alimwonyesha chombo kilichokuwa pale chini, akamwuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina jingine lisilo lake. Baba akasema hakiwezi. Basi, akajibu, naye vilevile hawezi kujiita ila Mkristu.

Angalieni neno hili, enyi mlio na wazazi wasiopenda ninyi mbatizwe. Perpetua hakumtukana baba yake wala hakumdharau. Siku ya hukumu, mzee alipopigwa fimbo kwa amri ya hakimu Hilarianus, binti aliona uchungu kana kwamba amepigwa yeye mwenyewe. Alimheshimu baba mpaka mwisho. Lakini hakumkana Mungu.

Felicitas naye alihuzunika, kwa maana sheria ya Warumi ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba, akaogopa kuachwa nyuma na wenzake. Wote wakasali, naye akajifungua mtoto wa kike gerezani, mimba ikiwa ya miezi minane. Mkristu mmoja mwanamke akampokea mtoto yule, akamlea kama wake.

Sasa tumtazame mtu mmoja ambaye wengi humsahau. Jina lake ni Saturus. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wao katika dini. Siku walipokamatwa hakuwapo. Angaliweza kukimbia, au kujificha mashambani mpaka ghasia ipite, na nani angalimlaumu? Lakini alipojua kwamba wanafunzi wake wamefungwa, alijitoa mwenyewe kwa askari. Aliona haifai awafundishe njia, kisha wao waipite peke yao.

Secundulus alifia gerezani. Wengine waliletwa uwanjani siku ya michezo ya kumtukuza Geta, mwana wa Kaisari. Perpetua na Felicitas walitupwa chini na ng'ombe mkali. Perpetua aliinuka, akamwona Felicitas amelala, akamwendea, akampa mkono, akamsimamisha. Mama wa jamaa kuu na mtumwa wakasimama wawili pamoja mbele ya umati ule. Saturus aliumwa na chui, akalowa damu. Akamwomba askari mmoja, Pudens, ambaye alikuwa ameanza kuamini, ampe pete yake. Akaitia katika kidonda, akamrudishia iwe ukumbusho. Mwisho wote wakauawa kwa upanga, na wa kwanza kukata roho alikuwa Saturus. Mwalimu alitangulia.

Tukitoka hapo twafika mahali pa pili, kwenye magofu ya kanisa kubwa la kale. Mwaka 1907 Padri Delattre, wa shirika la Mapadri Weupe, alichimba hapo akapata vipande vya jiwe lenye maandishi. Alipoviunganisha, yalionekana majina ya mashahidi hao, na jina la Saturus limeandikwa mbele.

Sisi makatekista tukifikiri jiwe hilo twaona haya, wala hatutaki kuwaficha sababu. Mwaka mmoja, mwanafunzi wetu wa ubatizo alisongwa na jamaa yake, wakimtaka ashiriki tambiko alilokwisha kuliacha. Alituma mtoto kutuita. Tulijibu kwamba mvua inanyesha na mto umejaa, tutakuja kesho. Tulikwenda siku ya tatu. Alikuwa amekwisha kukubali, naye hakurudi tena kwenye mafundisho. Hatukuogopa chui, ndugu zetu. Tuliogopa maneno ya wazee. Mwaka huu, baada ya sikukuu ya mashahidi hawa, tulikwenda nyumbani kwake kumwomba msamaha. Alitupa kiti na maji ya kunywa. Kanisani bado hajarudi. Tutakwenda tena.

Labda mtauliza: mawe ya Carthage yatufaa nini, sisi wa mbali? Sikieni. Kanisa la kale la Carthage lilivunjika, na waamini wake wakatoweka. Lakini tangu mwaka 1884 Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, alikuwa Askofu Mkuu wa Carthage. Na mapadri wake ndio waliopokea kituo cha Mpala, pwani ya ziwa Tanganika, mwaka 1885. Wengi wao walijifunza Carthage kabla ya kutumwa. Mawe yalichukuliwa, lakini ushuhuda ulifika kwetu.

Tujiulize basi, na kila mmoja ajibu moyoni.

Shahidi ni nani? Ni mtu anayekubali kufa kuliko kumkana Kristu.

Je, yatosha kujua mafundisho kwa kichwa? Haitoshi, yapasa kuyashika siku ya taabu.

Mwenzetu akijaribiwa kwa ajili ya imani, tufanye nini? Tumwendee siku ile ile, tusimwache peke yake.

Juma hili, kila Mkristu amtafute mkatekumeni mmoja anayesumbuliwa, akaketi naye. Na tarehe 7 Machi, siku ya Perpetua na Felicitas, msimsahau Saturus, wala msiache kutuombea sisi walimu wenu, tusibaki nyuma.

Mashahidi watakatifu wa Carthage, mtuombee. Amina.