Juu ya Mazungumzo ya Amani Yaliyofanywa Mwanza



Wako wasemao kuwa mazungumzo ya Warundi yaliyofanywa mjini kwetu, Aprili na Juni 1996, hayakufaa kitu. Sisi hatusadiki. Mwalimu Nyerere aliwakalisha pamoja FRODEBU na UPRONA. Lakini karani huandika pia wasiohudhuria, na CNDD, waliokuwa wakipigana porini, hawakuwamo. Hapo ndipo twaona kasoro. Tarehe 25 Julai jeshi likamweka Buyoya madarakani, naye Rais Ntibantunganya, aliyekwisha kukimbilia kwa balozi wa Marekani, akakataa kujiuzulu: nchi moja, marais wawili! Hata mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliwakosa wapiganaji wakubwa. CNDD-FDD walitia sahihi Dar es Salaam Novemba 2003. FNL wakangojewa hadi Septemba 2006.