Tuanze na Beberu: Maelezo Kuhusu Mradi wa Mbuzi wa Maziwa



Nimeombwa nizungumzie mbuzi wa maziwa, maana huko ndiko mchango wa leo unakoelekea. Kazi yangu ni uhasibu, mtanivumilia.

Wengi wetu tunapendelea kila kaya inunuliwe jike bora kutoka Mgeta. Wenzetu wa Uluguru walipata mbuzi wa Norwei miaka ya 1980, kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, na maziwa wanayaona. Lakini Mgeta ni mlimani, kuna baridi. Sisi tuko bondeni: joto, tope, minyoo. Mbuzi aliyezoea ukungu akishushwa Ifakara katikati ya masika, fedha yetu iko hatarini tangu siku hiyo.

Tena jike ni wa kaya moja. Akifa, hesabu imefungwa. Beberu bora mmoja (namaanisha wa mbuzi, si yule wa majukwaani) anahudumia majike wa kienyeji ishirini na zaidi, ambao tayari wako mabandani kwa mama zetu. Mimba ni miezi mitano. Chotara hatafikia maziwa ya baba yake, lakini atarithi ugumu wa mama, na maziwa ya uji wa mtoto yatapatikana.

Beberu huyo asikae mahali pamoja zaidi ya miaka miwili, atapanda binti zake. Wa Kibaoni aende Lumemo, wa Lumemo aende Mang'ula. Kwa hiyo daftari la uzazi litunzwe kama daftari la fedha, na likaguliwe.

Banda liwe la kichanja, sakafu ya mianzi au mbao zenye nafasi, samadi idondoke chini iende bustanini. Majani yakatwe, yanyauke kidogo, mbuzi alishwe humo humo: lukina, matembele, na pumba za mpunga, ambazo kwetu hazijawahi kukosekana. Kumchunga alfajiri kwenye majani yenye umande ni kumnunulia minyoo.

Napendekeza, basi, mwaka huu tusinunue jike hata mmoja. Fedha ziende kwa mabeberu, vichanja na dawa. Anayepinga apinge sasa, kabla bahasha hazijafunguliwa. Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina, pale mlangoni, na risiti mtapewa papo hapo.