Kondoo au Hesabu?

Jumapili hii twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo huenda wengine wakaliona kuwa dogo mno kuletwa mbele ya kipaza sauti: michezo ya video. Twaomba mtuvumilie. Mtu akiwa kazini huonekana vile mwajiri atakavyo. Akiwa mapumzikoni huonekana vile moyo wake ulivyo. Kwa hiyo si bure kuchungulia mahali anapopumzikia.

Hatusemi leo juu ya wale wanaocheza kwa mashindano na malipo, wala juu ya watoto wanaotoroka shule kwenda kucheza vibandani. Hayo yana siku yake. Twasema juu ya mchezaji wa kawaida: karani, muuguzi, dereva, mwalimu, ambaye usiku, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala, huwasha mashine yake akacheza saa moja kabla ya kwenda kulala. Wengi wetu tumo katika kundi hilo. Saa hiyo si dhambi. Mwanadamu hakuumbwa awe jembe. Na hata jembe, jioni huegemezwa ukutani.

Lakini katika saa hiyo ya mapumziko ameingia mgeni, naye ni nishani. Asiyeijua michezo hii atauliza: nishani gani? Ni hivi. Mchezaji anapotimiza jambo fulani, labda kuvuka ngazi ngumu au kuokota sarafu mia, maandishi madogo hujitokeza pembeni mwa kioo, mlio mfupi husikika, na tendo lile huandikwa chini ya jina lake, hesabu ambayo wenzake nao waweza kuiona. Na kando ya kila mchezo huonyeshwa asilimia ya nishani alizokwisha kupata. Asilimia 40. Asilimia 75. Asilimia 99.

Mgeni huyu hakuanza jana. Mwaka 1982 kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Pitfall!, wa mtu anayekimbia msituni akiruka mashimo na mamba kutafuta hazina. Mchezaji aliyefikisha pointi 20,000 aliweza kuipiga picha televisheni yake, akaituma picha ile kwa posta, naye akapokea beji ya kitambaa ya kushona katika nguo. Ilikuwa ni furaha ya safari moja na kumbukumbu yake. Miaka ikapita, posta ikaachwa, mashine yenyewe ikawa karani. Mwezi Novemba 2005 ilitoka Xbox 360, ambamo kila mchezo mkubwa uligawa jumla ya pointi 1,000, na pointi za michezo yote zikajumlishwa kuwa hesabu moja ya mtu. Julai 2008 PlayStation 3 nayo ikaleta vikombe: vya shaba, vya fedha na vya dhahabu, na katika michezo mikubwa, aliyevikusanya vyote akapewa kimoja cha platinamu. Mwaka 2014 mchezaji mmoja wa Marekani akafikisha pointi 1,000,000 katika Xbox.

Ndugu wasikilizaji, tusiwe wepesi wa kulaumu. Nishani ina wema wake. Mara nyingi hutuonyesha njia ambayo tungeipita bila kuiona. Hutualika kujaribu tena kwa namna iliyo ngumu zaidi. Na kwa mtu ambaye kutwa nzima kazini hakuna aliyemwambia ahsante, ule mlio mdogo ni kama mtu anayemwambia, umefanya vizuri. Haba na haba hujaza kibaba. Nishani ni shahidi. Shahidi husimama baada ya tendo na kusema, ndiyo, nililiona likitendeka. Ubaya hauanzi hapo. Ubaya huanza siku ile shahidi anapoketi katika kiti cha bwana, tendo likawa halifanyiki tena ila kwa ajili yake.

Tazameni mfano. Mwaka 2007 ulitolewa kwa Xbox 360 mchezo uliotokana na katuni za televisheni, uitwao Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth. Punde ikajulikana kwamba mtu aweza kusimama mahali pamoja tangu mwanzo, akabonyeza kitufe kimoja tena na tena, na pointi zote 1,000 zikamwangukia katika dakika chache. Wako waliouchukua mchezo ule kwa ajili hiyo tu. Hawakuijua hadithi yake wala hawakuona mwisho wake. Walichota maji kisimani bila kunywa, kwa kuwa walichokihesabu ni ndoo.

Mfano mwingine ni wa kuchekesha zaidi. Nintendo haikuweka mfumo wa nishani katika mashine yake ya Switch. Hata hivyo, katika mchezo wake The Legend of Zelda: Breath of the Wild wa mwaka 2017, vimefichwa viumbe vidogo vya msituni, chini ya mawe, juu ya vilele, ndani ya visima, na kila kimoja humpa mbegu yule aliyekigundua. Mbegu zote ni 900. Ili kupanua mifuko yote ya kubebea silaha na ngao, zatosha 441. Je, anayezikusanya zote 900 hupewa nini? Mtuwie radhi siku ya leo: hupewa kitu kinachong'aa kama dhahabu, chenye umbo la kinyesi. Faida yake ni moja tu, kwamba kiumbe mmoja mkubwa wa msituni atakuchezea ngoma kila umwombapo.

Ni mzaha wa watunzi, lakini ni mzaha wenye mafunzo. Mchezaji aliyetembea nchi ile kwa kuipenda, akaziokota mbegu njiani, hufika mwisho akacheka, kwa maana ujira wake aliupata zamani: aliona jua likichomoza milimani, alivuka mito, alikimbizwa na mvua. Lakini aliyekwenda na orodha mkononi, akiweka alama kila mbegu na kuharakisha kwenda nyingine, huyu hakuiona milima. Kwake mwisho ule si mzaha. Ni hukumu.

Wataalamu wa nafsi ya mwanadamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walitangaza uchunguzi waliofanya kwa watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford huko California. Walichagua watoto waliopenda wenyewe kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi yao wakaahidiwa mapema kwamba wakichora watapewa hati nzuri yenye utepe. Wengine walipewa hati kama ile bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa ujira walichora kwa muda upatao nusu tu ya muda wa wenzao. Hakuna aliyewanyang'anya kalamu. Kilichoondoka ni ladha. Waliopewa hati bila kuitazamia hawakupoteza kitu. Kwa hiyo si zawadi iliyoharibu mchezo, bali ni kuchora kwa ajili ya zawadi.

Basi tukajiulize wenyewe, sisi wa ile saa moja ya usiku. Ni mara ngapi tumeendelea na mchezo ambao tulikwisha kuuchoka, macho mazito, kidole kikirudia jambo lile lile, kwa sababu tu kioo chasema asilimia 94? Tumetoka kazini kwa mwajiri mmoja, tukaingia kazini kwa mwajiri mwingine asiyelipa mshahara wala kutoa likizo. Na mtoto aliyeamka usingizini akaja kuketi kando yetu, akaomba naye ashike kidogo, ameambiwa, ngoja kwanza, utaniharibia. Mtaka yote hukosa yote.

Yuko mtunzi aliyeligundua gonjwa hili akalifanyia dawa. Katika mchezo uitwao The Stanley Parable, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2013, iliwekwa nishani inayopatikana kwa sharti moja: usiucheze mchezo huo kwa miaka 5. Jina la nishani ile lilimtaka mchezaji atoke nje. Na watu walifanya nini? Wengine walingoja kweli. Lakini wengine walifungua kompyuta zao, wakaisogeza tarehe mbele miaka 5, wakaipokea nishani jioni ile ile. Wapenzi wasikilizaji, hebu lipimeni jambo hili. Waliamriwa kupumzika, wao wakaghushi kalenda.

Sasa twakumbuka mfano alioutoa Bwana Yesu, wa mchungaji mwenye kondoo mia. Mmoja akapotea, mchungaji akawaacha wale tisini na tisa, akaenda kumtafuta yule mmoja. Mchezaji mjanja aweza kutujibu: mnaona, mchungaji yule naye alikuwa mtafuta nishani! Asilimia 99 haikumtosha.

La hasha. Kama mchungaji yule angekuwa anatafuta hesabu, angekwenda mnadani, akanunua kondoo mwingine, akamwingiza zizini usiku, na asubuhi hesabu ingekuwa mia kamili bila mtu yeyote kushuku. Hakufanya hivyo. Aliingia katika miiba kwa sababu yule aliyepotea alikuwa kondoo wake, na hakuna mwingine aliyekuwa yeye. Na alipompata alimbeba mabegani, akafika nyumbani, akawaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye. Hapo ndipo penye tofauti. Atafutaye hesabu, akiipata, huitazama kitambo, kisha huanza kutazama hesabu nyingine. Atafutaye kondoo, akimpata, hufanya karamu.

Nanyi mwajua kwamba neno hili halikomei mbele ya televisheni. Mwanafunzi hutafuta maksi akaisahau elimu. Ofisi hujaza taarifa ya wagonjwa waliohudumiwa, na mgonjwa mwenyewe hakutazamwa usoni. Hata sisi wa nyumba za ibada twajua kuhesabu waliohudhuria na bahasha zilizokusanywa, tukakosa kujua ni mama gani hakuonekana safari hii, na kwa nini. Mchezo ni kioo kidogo tu. Uso unaoonekana ndani yake ni wetu.

Basi tufanye nini? Hatuwaambii mzitupe mashine zenu. Tukianza mchezo mpya, tuucheze kwanza bila kuifungua orodha ya nishani, kama mtu anayeingia kijiji kigeni na kusalimiana na watu kabla ya kuuliza bei. Ladha ikiisha, tuzime, hata kama ni asilimia 60. Jambo la burudani lililoachwa katikati si deni. Na mtoto akija kuketi kando yetu, tumpe ashike. Ataanguka shimoni, atapoteza alama, atacheka. Wazee wetu wa barazani wanaocheza bao hufanya hivyo kila siku: magharibi ikiingia, kete hurudishwa mfukoni na mashimo yote hubaki matupu. Hakuna daftari. Yanayobaki ni maneno ya njiani, kwamba leo fulani alitukomesha, na kicheko.

Mwenyezi Mungu, aliyetupa siku ya kazi na siku ya kupumzika, atujalie kupumzika kweli. Atufundishe kumtambua kondoo palipo na kondoo, na kuiacha hesabu palipo na hesabu tu. Tunawatakia nyote Jumapili njema.