Sufu ya Kondoo Wetu Isitupwe

Sufu ya kondoo wa nyanda za juu za Kenya ina thamani kuliko tunavyoipa. Kule Nanyuki, kina mama wameisokota kwa mkono na kuifuma mazulia tangu miaka ya 1970. Ipo pia njia isiyohitaji mtambo wa kufumia: sufu hulowekwa katika maji moto yenye sabuni, na ikisuguliwa, magamba madogo ya nyuzi zake hunasana na kuwa kitambaa kizito. Hata sweta kuukuu la mtumba, likiwa la sufu halisi, mara nyingi hushikamana vivyo hivyo, likashonwa kofia au mkoba. Nyuzi za plastiki hazikubali. Kaunti zifundishe ufundi huu vyuoni mwao, nasi tununue kazi ya mafundi wetu kwa bei ya haki.