Mulango wa masomo usifungwe mbele ya binti
(Maneno yaliyosemwa katika mukutano wa wafanyakazi na wamama wa kambi)



Nimeombwa kusema juu ya wanawake waliopewa heshima kubwa kwa ajili ya akili na kazi yao. Majina ni mengi. Nitachukua mawili tu: moja la Bulaya, lingine la kwetu Kongo. La kwanza nimelichagua sababu linagusa jiwe ambalo watu wa Katanga walilichimba.

Munajua Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1915 jiwe la uraniumu lilionekana pale. Watu wetu walilichimba, wakalichagua kwa mikono, wakalitia katika mifuko, nalo likasafirishwa mpaka Olen, katika inchi ya Ubelgiji. Kule, tangu mwaka 1922, walitoa ndani yake radiumu. Ni kitu kidogo sana, lakini bei yake ilipita zahabu mbali kabisa, na waganga walikitumia kutibu kansa. Sasa nawauliza: nani aliyeonyesha dunia kwamba kitu kama kile kinakaa ndani ya jiwe? Wengi watajibu: Muzungu fulani mwenye ndevu. Mwenye ndevu alikuwako, bwana Pierre Curie. Lakini aliyeanza kazi ile ni muke wake, Marie.

Alizaliwa mwaka 1867 katika muji wa Warsaw, inchi ya Polonia. Siku zile Polonia haikuwa katika ramani. Jirani watatu wenye nguvu walikuwa wameigawanya kama nyama, na Warsaw ilikuwa chini ya mufalme wa Urusi. Watoto walifundishwa kwa luga ya mutawala. Universite ya Warsaw haikupokea wasichana. Binti huyu alikuwa wa kwanza katika darasa, lakini mulango ulikuwa umefungwa.

Basi yeye na dada yake mukubwa, Bronia, wakafanya kile ambacho sisi tunakiita likelemba. Bronia aende Paris kusoma uganga. Mudogo abaki, afanye kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za matajiri, amutumie feza. Halafu zamu igeuke. Miaka ikapita. Kule shambani, mudogo alikusanya pia watoto wa maskini akawafundisha kusoma luga yao wenyewe, ijapokuwa sheria ilikataza. Mwaka 1891 zamu yake ikafika, akapanda treni ya Paris.

Ninyi watu wa mine mutaifahamu kazi yake kuliko wengine. Mwaka 1898 yeye na bwana yake walitangaza vitu viwili vipya vilivyofichama ndani ya jiwe. Wasomi wakataka kuona kwa macho. Wao hawakupewa nyumba nzuri ya kazi. Walipata kibanda cha mabao chenye kuvuja. Wakaletewa mabaki ya jiwe, tani kwa tani. Marie alipika kilo 20 mara moja, akikoroga kwa chuma kirefu kama mwili wake. Mwaka 1902 alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu. Hawakuuza siri ya kazi ile. Waliiachia dunia yote.

Kitu cha pili ni radiumu. Cha kwanza alikiita poloniumu, kwa jina la Polonia. Wakubwa walikuwa wameifuta inchi yake katika ramani. Yeye akaliandika jina lake katika vitabu vya elimu. Mwaka 1918 Polonia ikarudi katika ramani pia.

Heshima ilikuja, lakini si kwa urahisi. Mwaka 1903, juu ya zawadi ya Nobel, mashauri ya kwanza yalikuwa kumutaja Pierre na Becquerel tu. Pierre akaandika kwamba muke wake lazima ahesabiwe. Ndipo akawa mwanamuke wa kwanza kuipata. Mwaka 1911 wasomi wa Akademia ya Paris walimunyima kiti. Mwaka uleule akapewa Nobel ya pili. Mbele yake hakuna mutu, mwanaume ao mwanamuke, aliyeipata mara mbili. Alikufa mwaka 1934, damu yake imeharibika juu ya kazi ile. Mwaka 1995 tu Ufaransa ilihamishia mwili wake Panthéon, penye makaburi ya wakubwa wa taifa.

Sasa tuje kwetu. Zamani za Wabelgiji, mutoto mwanaume alifundishwa awe karani ao fundi. Binti alifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi. Kushona si kitu cha kuzarau, lakini mulango ulikomea pale. Mwaka 1961, mwaka mumoja nyuma ya uhuru, Sophie Kanza akawa binti wa kwanza wa Kongo kumaliza sekondari. Mwaka 1964 akapata diploma ya universite ya Lovanium, wa kwanza tena. Mwaka 1966 akawa waziri, mwanamuke wa kwanza katika serikali ya Kongo. Hesabuni wenyewe: miaka 5 tu. Akili ilikuwako siku zote. Kilichokosa ni nafasi. Na kaka yake Thomas alikuwa amesoma universite mbele yake. Nyumba ile haikusema kwamba masomo ni ya wavulana peke yao.

Mimi ni karani, naandika mishahara yenu. Najua feza hazitoshi. Na najua pia kwamba feza zikipunguka, anayetolewa masomoni kwanza ni binti. Mutu atasema: ataolewa, faida itakwenda kwa wengine. Bronia aliolewa. Na Marie alipofika Paris, alipokelewa katika nyumba ya Bronia na bwana yake. Faida ilirudi kwa ndugu.

Kwetu jiwe lilitoka. Elimu ya jiwe ikabaki Bulaya. Nani atairudisha, kama nusu ya watoto wetu wanakaa jikoni?

Naomba jambo moja. Kila safu ya nyumba ifanye likelemba ya masomo, kila mwezi, na feza za kwanza zilipe masomo ya binti aliyetolewa. Wamama washike daftari. Mwenye kukubali aandikishe jina lake leo, mbele ya kurudi nyumbani.