Kuchimba bitcoin nyumbani: tupige kwanza hesabu ya umeme



Mimi niko na lisansi na sina kazi, sawa na wengi wenu hapa. Najua juu ya nini hii habari inatembea mbio katika kartie zetu: eti washa kompyuta nyumbani, iache ichimbe bitcoin usiku na mchana, asubuhi unaamka na dola. Sikuja kuwakataza. Nataka tupige hesabu pamoja.

Kuchimba hapa hakuna jembe wala shimo. Kompyuta inabahatisha namba, mara mingi sana kila sekunde. Karibu kila dakika 10, mashini moja katika dunia nzima inapata namba inayokubaliwa, inaandika ukurasa mpya wa malipo, na mwenyewe analipwa. Mwaka 2009 alilipwa bitcoin 50. Tangu mwezi wa nne 2024 ni 3.125.

Zamani zile kompyuta ya kawaida ilitosha. Leo kuna mashini zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Moja inajaribu namba trilioni 100 kila sekunde. Laptopu yako inajaribu milioni kadhaa. Na hizo mashini ziko mamilioni. Ukishindana peke yako, utangoja mabilioni ya miaka. Ukijiunga na kundi la wachimbaji, fungu lako halifike hata senti moja.

Sasa tuseme unanunua ile mashini kubwa. Inakula wati 3,250 hivi. Kwa masaa 24 ni kilowati-saa 78, kila siku. Chukua bei ya umeme kwako, zidisha. Halafu ongeza delestaji: umeme ukikatika, mashini inalala, na deni lako halilali.

Mfano uko hapa kwetu. Mwaka 2020, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin Luviro, katika teritware ya Lubero. Wao waliweza kwa sababu walikuwa na mto, walikuwa na turbini, na umeme ambao haukuwa na wanunuzi wa kutosha. Kuchimba ni kazi ya mwenye umeme wa ziada. Sisi tunawasha mishumaa karibu na mito. Kwa hiyo swali la raia linakuja mbele ya swali la mashini: umeme wa mito yetu, nani anaamua uende wapi?

Mutu akikuomba dola 50 ili "akuchimbie", akuahidi faida ileile kila siku, na akulipe kwa kuleta wenzako, ujue: faida yako ni pesa ya yule atakayeingia kesho. Siku wageni wakikosekana, yeye pia atakosekana.

Unataka kujifunza? Vizuri. Kuna Monero, inachimbwa na kompyuta ya kawaida. Utapata senti kidogo tu, pengine umeme utakula zaidi, lakini utaelewa kazi. Chukua programu kwa watengenezaji wenyewe, sababu za kupitishana kwa flashi zinaweza kuwa na virusi. Na yale maneno ya siri ya pochi yako, usimuonyeshe mutu, hata rafiki.

Wandugu, atakayekuja na habari ya faida, mumuulize swali moja: umeme analipa nani? Akinyamaza, mufunge mufuko.